Jinsi ya kuendesha warsha ya sanaa ya kuliwaza nafsi Malindi na Kilifi

KABLA ya maneno 'afya ya akili' kuzoeleka katika mabaraza ya machifu, Wagiriama wa Malindi na Kilifi walikuwa na njia yao ya kuukabili msiba uliokataa kwisha. Mzee wa chama cha Gohu alipofariki, kisha jamaa zake wakaanza kuandamwa na ndoto, maradhi au mikosi, ukoo uliketi ukashauriana. Fundi aliitwa, akatafuta gogo la mti mgumu usioliwa na mchwa, akachonga kigango: kichwa cha duara, kiwiliwili kirefu kilicho bapa, na nakshi za pembetatu. Kigango kilisimamishwa karibu na boma, marehemu akatambikiwa, nao waliobaki wakapata mahali pa kumwelekea na kusema naye.

Kazi ile haikuwa pambo. Ilikuwa namna ya kuutoa uchungu moyoni na kuuweka mahali ambapo ungeonekana, ungeguswa na kushirikiwa na watu wengine. Hilo ndilo analolitafuta leo mtu yeyote anayekusudia kuanzisha warsha ya sanaa kijijini kwa ajili ya kuwaliwaza watu na kuwapa nafasi ya kujieleza.

Hata hivyo, historia ya vigango ina funzo la pili, nalo ni chungu. Mnamo 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy wa Marekani alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Muda si muda vigango hivyo viliibwa. Miaka mingi baadaye viligunduliwa katika makavazi mawili ya Marekani, kimoja Illinois na kingine Virginia, na kufikia 2007 vilikuwa vimerudishwa nchini. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki. Makavazi ya Denver nayo yalitangaza mnamo 2014 kwamba yangerudisha vigango 30, ambavyo vilikuwa vimetolewa zawadi kwao na watu wa tasnia ya filamu.

Kitu kilichochongwa ili kutuliza nyoyo za ukoo mmoja kiligeuzwa pambo la sebule ya mtu asiyemjua marehemu wala jina lake. Yeyote anayeandaa warsha ya sanaa hana budi kuikumbuka habari hiyo, kwa sababu kosa la aina hiyo hurudiwa kwa urahisi sana. Msichana huchora picha ya jambo lililomwumiza. Mwandalizi huipiga picha, huipeleka kwa wafadhili, na kesho kutwa huibandika katika mtandao. Uchungu wa mtu umekuwa mali ya mwingine.

Makala haya yanaeleza namna ya kuendesha warsha hizo bila kutumbukia katika shimo hilo.

Haja iliyopo

Kaunti ya Kilifi imepitia mambo mazito. Mnamo Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, eneo la Malindi, ambako waumini walidaiwa kufundishwa kufunga hadi kufa. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Familia zilisubiri kwa muda mrefu matokeo ya uchunguzi wa chembechembe za DNA, na ni mnamo Machi 2024 tu ambapo miili ya kwanza ilianza kukabidhiwa jamaa katika hospitali ya Malindi. Mnamo 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, katika eneo la Chakama.

Mbali na msiba huo uliotangazwa ulimwenguni kote, ipo mizigo isiyotangazwa. Wapo wazee wanaoishi kwa hofu kwa kushukiwa kuwa wachawi kwa sababu ya mvi zao. Baadhi yao wamelazimika kuyahama maboma yao na kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma huko Ganze. Wapo vijana wa ufuoni ambao riziki yao hupanda na kushuka pamoja na msimu wa watalii. Wapo wasichana waliopata mimba wakiwa shuleni, na wapo akina mama wanaokitazama kiangazi kikikausha mahindi mwaka baada ya mwaka.

Watu hao hawasemi. Mwanamume huambiwa ajikaze. Mwanamke huambiwa asianike ya ndani. Mtoto haulizwi. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini si rahisi mtu kuyafichua maradhi ya moyoni iwapo hana maneno ya kuyaelezea wala mahali salama pa kuyatamkia. Hapo ndipo sanaa inapofaa: humruhusu mtu aanze na mkono kabla ya ulimi.

Yanayojulikana kuhusu sanaa na afya

Neno la Kiingereza linalotumika kwa tiba ya sanaa linanasibishwa na mchoraji Mwingereza Adrian Hill, aliyeanza kulitumia mnamo 1942. Alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu, akagundua kwamba kuchora kulimsaidia kustahimili siku ndefu za kitandani, akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake, wakiwamo wanajeshi waliorejea kutoka vitani.

Mnamo 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha ripoti iliyopitia zaidi ya maandiko 900 ya kitaalamu kuhusu sanaa na afya. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba sanaa huweza kuchangia katika kuzuia maradhi, kuwasaidia wanaougua na kuimarisha ustawi wa jamii. Utafiti mwingine, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Drexel nchini Marekani na kuchapishwa mnamo 2016, uliwashirikisha watu wazima 39. Baada ya dakika 45 za kuchora, kufinyanga na kubandika, takriban asilimia 75 kati yao walipungukiwa na kotisoli, homoni inayohusishwa na msongo wa mawazo. La kutia moyo zaidi ni kwamba wale waliokuwa hawajawahi kushika brashi walinufaika sawa na wenye ujuzi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wa karibu zaidi. Katika miaka ya 1990, akina mama wa Uganda walioishi na virusi vya ukimwi, chini ya chama chao cha NACWOLA, walianza kuwatengenezea watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Katika vitabu hivyo waliandika asili ya ukoo, wakabandika picha na kusimulia mambo ambayo walishindwa kuyatamka uso kwa uso. Mama aliyeshindwa kumwambia mwanawe kwamba ni mgonjwa aliweza kukaa naye chini na kukifungua kitabu pamoja naye.

Ni muhimu kutahadharisha mapema, hata hivyo, kwamba warsha ya kijijini si hospitali. Mwezeshaji ambaye hakusomea ushauri nasaha hatibu. Anawaandalia watu nafasi, anawasindikiza, na anajua ni wapi pa kumpeleka yule ambaye mzigo wake umezidi kimo cha kikundi.

Kabla ya kuanza: kubisha hodi

Baada ya yaliyotokea Shakahola, mtu anayewakusanya watu na kuzungumza nao mambo ya moyoni atatiliwa shaka, na ni haki atiliwe. Hatua ya kwanza, kwa hivyo, ni uwazi. Mwandalizi amwone chifu na wazee wa mtaa, amweleze imamu na mchungaji, na ashauriane na wahudumu wa afya ya jamii, ambao wanazijua nyumba zenye majonzi kuliko mgeni yeyote. Aeleze nani anagharamia shughuli, itachukua muda gani na nini kitafanyika. Ifanyike mahali panapoonekana: chini ya mwembe, katika banda la shule siku za likizo, au katika ukumbi wa wadi. Kusiwe na lango linalofungwa. Mshiriki awe huru kuja na kuondoka bila kuulizwa sababu.

Pili, aheshimu imani za watu. Wapo Waislamu wasiopenda kuchora sura za viumbe, na wapo Wakristo watakaoshtuka wakisikia vigango vikitajwa. Hakuna haja ya kumlazimisha mtu. Pwani ina hazina tele ya nakshi: maua ya milango ya Lamu na Malindi, mapambo ya hina, mistari ya mikeka, shanga na ushonaji wa hando. Mtu anaweza kueleza huzuni kwa rangi na mistari pasipo kuchora hata jicho moja.

Tatu, apange muda kulingana na maisha ya wenyeji. Asiweke kikao Ijumaa adhuhuri, wala Jumapili asubuhi, wala siku ya soko, wala wakati ambapo wavuvi wanatazamia maji. Msimu wa kulima nao una haki zake. Kwa kawaida saa tatu hadi saa tano na nusu asubuhi hufaa akina mama waliokwisha kuteka maji. Vijana hupatikana zaidi alasiri.

Nne, kikundi kiwe kidogo. Watu kumi au kumi na wawili wanatosha, kwa kuwa kila mmoja huonekana na kusikika. Mara nyingi itakuwa bora wanawake wakae peke yao na wanaume peke yao, angalau mwanzoni, na watoto wasichanganywe na watu wazima. Lugha iwe ile ambayo mtu huiotea ndoto, iwe Kigiriama, Kichonyi, Kikauma au Kiswahili. Wawezeshaji wawe wawili: mmoja aiongoze kazi, mwingine awatazame watu.

Vifaa visivyolemea mfuko

Warsha nyingi hufa kwa sababu zilianza kwa rangi za bei ghali zilizonunuliwa na mfadhili, naye mfadhili alipoondoka rangi zikaisha. Ni heri kuanza na kile kilichopo. Mkaa huchora vizuri. Udongo mwekundu ukikorogwa na maji na gundi kidogo huwa rangi. Manjano ya jikoni na majivu pia. Udongo wa mfinyanzi, vifuu vya nazi, makuti, miyaa ya kusukia mikeka, vipande vya leso kuukuu, magunia na karatasi za kahawia za kufungia bidhaa, vyote ni vifaa.

Taka za ufuoni nazo zinafaa. Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki na kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa, wakalishusha majini mnamo 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kikundi cha vijana wa Watamu au Mayungu kinaweza kutumia asubuhi moja kuokota kandambili na vifuniko vya chupa, na alasiri yake kuvikata na kuviunga kuwa picha. Kutembea pamoja ufuoni tayari ni nusu ya tiba, kwa maana watu huzungumza kwa wepesi zaidi wanapotembea bega kwa bega kuliko wanapotazamana. Vifaa hivyo lakini vioshwe kwanza, na sindano, nyembe na vigae viepukwe.

Vikao sita

Kikao kimoja hakitoshi. Watu hufunguka wanapozoeana. Mpango wa vikao sita, kimoja kila wiki, huenda ukawafaa wengi.

Kikao cha kwanza ni cha kufahamiana na kuweka masharti. Washiriki wenyewe wayataje, mwezeshaji ayaandike. Yasikose haya manne: linalosemwa hapa libaki hapa, hakuna anayelazimishwa kusema wala kuonyesha kazi yake, hakuna anayecheka wala kukosoa kazi ya mwenzake, na kila kazi ni mali ya aliyeifanya. Sharti la siri liwe na mpaka, na mpaka huo utajwe wazi: iwapo uhai wa mtu uko hatarini au mtoto anadhulumiwa, msaada utatafutwa. Kisha watu wacheze tu na mkaa na karatasi, wachore mistari wakifuata mdundo wa kayamba. Lengo ni kuiondoa ile hofu ya 'mimi sijui kuchora'.

Kikao cha pili kiwe cha mti wa maisha. Zoezi hili lilibuniwa na mwanasaikolojia Ncazelo Ncube wa Zimbabwe pamoja na David Denborough wa Australia kwa ajili ya watoto wa kusini mwa Afrika waliofiwa na wazazi kwa ukimwi. Huku kwetu mti huo uwe mnazi. Mizizi ni asili ya mtu na ukoo wake. Ardhi ni mambo anayoyafanya kila siku. Shina ni stadi zake. Makuti ni matumaini. Nazi ni zawadi alizopewa na watu wengine. Baada ya minazi yote kubandikwa pamoja kuwa shamba moja, ndipo huzungumziwa upepo na dhoruba. Mpangilio huu una maana kubwa: mtu haanzi kwa kuchimbua jeraha, bali huanza kwa kuona kinachomshikilia asianguke. Kwa aliyefiwa na watoto wake, kuanza na jeraha ni kumrudisha kaburini.

Kikao cha tatu kiwe cha leso. Kwa vizazi na vizazi mwanamke wa Pwani amesema kwa leso yale ambayo adabu haikumruhusu kuyasema kwa mdomo, awe anampasha jirani, anamshukuru mama au anamwonya mume. Kila mshiriki achore leso yake: pindo lililoizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno anayotaka yasomwe. Katika pindo aweke yale yanayomlinda. Katika mji, lile lililo moyoni mwake. Jina aliandike mwishoni. Asiyejua kuandika amtajie mwenzake amwandikie, au aliache wazi. Wanaume nao wasiliepuke zoezi hili kwa kudhani ni la kike. Aliyezoea jahazi atachora tanga na kuliandika jina lake ubavuni.

Kikao cha nne kiwe cha udongo. Udongo una rehema ambayo karatasi haina: kilichofinyangwa huweza kuvunjwa na kufinyangwa upya. Kijana mwenye hasira aruhusiwe kuupiga, kuuponda na kuukata. Asiulizwe 'hiki ni nini?' bali aombwe tu, akipenda, asimulie alivyokifanya.

Kikao cha tano kiwe cha kazi moja ya pamoja: ukuta wa shule, mkeka mkubwa au pazia la vipande vya leso. Baada ya wiki nne za kila mtu na karatasi yake, kikundi hujifunza kugawana nafasi, rangi na uamuzi. Kwa wazee waliotengwa na majirani kwa tuhuma za uchawi, kule kushika brashi moja na kijana wa kijiji huweza kusema mengi kuliko hotuba.

Kikao cha sita ni cha kuagana. Kila mmoja huamua kuhusu kazi yake: ataipeleka nyumbani, ataionyesha hadharani, ataizika au ataichoma. Yote ni sawa.

Mwenendo wa kila kikao

Kila kikao kifuate desturi ileile, kwa sababu mtu aliyefadhaika hutulizwa na jambo analolijua. Watu husalimiana, hunywa chai au uji, huulizana hali. Mwezeshaji hueleza kazi ya siku kwa maneno machache. Saa nzima hupita kwa kazi ya mikono, na kunyamaza kunaruhusiwa. Kisha kila anayetaka huionyesha kazi yake. Mwishoni huimbwa wimbo, au hupigwa dua, au watu hunyoosha viungo tu, ili pasiwe na mtu anayerejea nyumbani akiwa ameachwa katikati ya machozi.

Maneno ya mwezeshaji yana uzito. Asiseme 'hii ni nzuri sana', kwa maana aliye kando yake atajiuliza kama yake ni mbaya. Aseme anachokiona: 'Naona umeweka rangi nyeusi pembeni, ukipenda, tueleze.' Asifasiri. Nyeusi si lazima iwe huzuni. Huenda ndiyo rangi pekee iliyobaki koponi. Aliyechora ndiye mwenye ufunguo wa picha yake.

Mtu akilia

Atatokea mtu atakayelia. Hilo lisimtishe mwezeshaji, wala asione fahari kwalo. Kipimo cha warsha si wingi wa machozi. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliochapishwa na WHO pamoja na washirika wake mnamo 2011, una maagizo matatu mepesi kukumbuka: tazama, sikiliza, unganisha. Mtazame mtu kama yu salama na ana mahitaji gani. Msikilize bila kumshinikiza asimulie kila kitu. Muunganishe na jamaa zake na huduma zinazomfaa. Mwezeshaji wa pili amchukue kando, ampe maji, akae naye. Asimwambie 'yamepita' au 'Mungu amependa', kwani aliyefiwa ameyasikia hayo mara mia.

Zipo dalili ambazo hazingoji kikao kijacho: mtu kuzungumzia kujiua, kuacha kula, kusikia sauti zisizosikika na wengine, au mtoto kuonyesha kuwa anadhulumiwa. Kabla ya siku ya kwanza, mwandalizi awe na majina na simu za mshauri nasaha, zahanati iliyo karibu, afisa wa watoto, na wahusika katika hospitali za Malindi na Kilifi. Nambari ya 1199 ya Chama cha Msalaba Mwekundu nchini na ile ya 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Kwa hiyo, hofu ya polisi isimzuie mtu kusaka msaada. Aidha, marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalizipa serikali za kaunti wajibu katika kutoa huduma hizi. Wananchi wana haki ya kuzidai.

Wawezeshaji wenyewe nao ni binadamu. Baada ya kila kikao waketi pamoja, wapakue yale waliyoyabeba. Anayesikiliza misiba ya watu wiki baada ya wiki bila kuwa na wa kumsikiliza huvunjika.

Picha, maonyesho na fedha

Hapa ndipo tunaporejea kwenye vigango. Mfadhili atataka picha, na mwandishi wa habari kisa cha kusisimua, na pengine mtalii aliyepita atavutiwa na mchoro autakie bei. Hakuna ubaya wa asili katika lolote kati ya hayo, lakini jibu si la mwandalizi. Ni la mwenye kazi.

Idhini iombwe mara mbili: mwanzoni, na tena kazi ikishakamilika, kwa kuwa mtu hawezi kukubali kuonyeshwa kwa kitu ambacho bado hajakifanya. Aelezwe picha itaonekana wapi na nani ataiona. Aambiwe kwamba akikataa hatapoteza chai, nauli wala nafasi yake kikundini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za kibinafsi, picha zikiwamo, na kwa mtoto huhitajika ridhaa ya mzazi au mlezi. Hata mzazi akikubali, mtoto akikataa asikilizwe. Kwa mfadhili, picha ya mikono ikifinyanga, isiyoonyesha sura ya mtu, inatosha kuthibitisha kwamba kazi imefanyika.

Kuhusu kuuza, ni vyema kutenganisha mambo mawili. Kijana aliyegundua kuwa ana kipawa na anataka kuwauzia watalii asaidiwe kufanya hivyo, lakini katika kikundi kingine na siku nyingine. Wachongaji wa Malindi kwa muda mrefu wamekuwa na chama chao cha ushirika, na Edward Saidi Tingatinga alionyesha jijini Dar es Salaam, kuanzia 1968, kwamba fundi asiye na shahada anaweza kuanzisha mtindo wa kuwalisha wengi. Hata hivyo, pesa zikiingia katika kikao cha kuliwazana, watu huanza kuchora wanachodhani mnunuzi anakitaka. Mvuvi atachora simba ambaye hajawahi kumwona, na huzuni yake itarudi nayo nyumbani.

Kupima mafanikio

Mwandalizi atajuaje kwamba jitihada zake zimezaa matunda? Asihesabu michoro. Aulize maswali madogo mwanzoni na mwishoni: unalala vipi siku hizi? Yupo mtu unayeweza kumweleza shida yako? Umewahi kumtembelea mwenzako wa kikundi nje ya vikao? Hilo la mwisho huenda likawa muhimu kuliko yote. Iwapo baada ya wiki sita akina mama wawili waliokuwa hawajuani wanapitiana asubuhi wakienda kuchota maji, warsha imefanya kazi yake hata kama karatasi zote zimeliwa na mchwa.

Na iwapo wenyeji watataka kuendelea, waendelee wao wenyewe, kwa mkaa wao na mwembe wao. Mgeni aliyewafungulia njia aagane nao vizuri, na aondoke mikono mitupu. Kazi za watu zibaki pale zilipofanyiwa.